Kabla ya kuuamini mng'ao: niliyopitia nikipiga picha vimelea hai vya malaria

Nilipotoka Muheza kwenda Ujerumani kusomea uzamivu, tayari nilikuwa nimezoea kutazama vitu vinavyong'aa gizani. Kazi yangu katika maabara ya hospitali ilikuwa ya makohozi: kuyapaka kwenye slaidi, kuyakausha, kupitisha slaidi motoni, kumwagia rangi ya auramini, kuosha kwa asidi na alkoholi, kisha kumalizia na pamanganeti ya potasiamu ili mandharinyuma ififie. Slaidi ikiwekwa chini ya hadubini ya LED, bakteria wa kifua kikuu wanajitokeza kama vijiti vya manjano-kijani. Mgonjwa anajulikana, dawa zinaanza. Ni kazi nzuri na bado naiheshimu.

Lakini kilichokuwa kwenye slaidi zile kilishakaushwa na kushikamana na kioo. Ukitazame dakika tano au saa nzima, kinachobadilika ni rangi tu, inapauka. Seli hai haikubali kutendewa hivyo. Rangi unayoitia, seli inaweza ikaisukuma nje, ikailimbikiza mahali usipopataka, au ikadhurika nayo. Mwanga wenyewe unaoutumia kuitazama unaiunguza. Hilo nililielewa kwa gharama, na ndilo linalonifanya niandike. Katika upigaji picha wa seli hai, wewe, rangi yako na leza yako mmo ndani ya jaribio. Kabla hujaiuliza seli swali lolote, ihoji rangi kwanza.

Kazi niliyopewa ilihusu nyumbani moja kwa moja. Dawa mseto ya malaria tunayoijua Tanzania ina artemeta, ambayo mwilini hugeuka kuwa dihaidroartemisinini. Mabadiliko ya jeni ya kimelea yaitwayo R561H, yanayohusishwa na dawa hizi kuua vimelea polepole kuliko kawaida, yameshaonekana Rwanda na pia Kagera. Swali letu lilikuwa hili: dawa ikiingia, je, inazalisha oksijeni kali zinazounguza kimelea kwa ndani, na mitokondria yake, kijiungo cha ndani ya seli, inapoteza chaji ya umeme mapema au mwishoni? Jibu la swali la namna hiyo halipatikani kwenye slaidi iliyokaushwa. Lazima kimelea kiwe hai, na lazima ukiangalie wakati jambo lenyewe linatokea.

Kwa msomaji ambaye si wa fani, nieleze kidogo. Probu ya floresensi ni molekuli inayomeza mwanga wa urefu fulani wa wimbi na kurudisha mwanga wenye wimbi refu zaidi. George Gabriel Stokes aliieleza tabia hiyo mwaka 1852, na hadubini zetu zote hutegemea pengo hilo: filta inazuia mwanga uliotumwa na kupitisha ule uliorudi. Kuna koo mbili kubwa za probu. Moja ni ya protini zinazotengenezwa na seli yenyewe baada ya kupewa jeni. Mzazi wa ukoo huu ni protini ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa kiwavi-bahari Aequorea victoria mwaka 1962, na ambayo Martin Chalfie alionyesha mwaka 1994 kuwa inaweza kung'aa ndani ya viumbe wengine. Ukoo wa pili ni wa rangi za kikemia unazozidondosha tu kwenye sahani.

Roger Tsien, aliyeshiriki nao Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2008, alifanya kazi kubwa katika koo zote mbili. Mwaka 1981 alionyesha njia ambayo sisi watumiaji wa rangi tunaishi nayo hadi leo. Rangi nyingi zenye chaji hazipenyi utando wa seli, hivyo chaji hiyo hufunikwa kwa esta. Rangi inapenya, vimeng'enya vya seli vinakata kile kifuniko, na rangi inabaki imenaswa ndani. Ni ujanja mzuri sana. Ila ukumbuke kwamba kiasi kinachonaswa kinategemea vimeng'enya vya seli husika, kwa hiyo seli mbili zilizokaa bega kwa bega zinaweza kung'aa tofauti bila kuwa na tofauti yoyote ya maana.

Nilianza na rangi za kikemia kwa sababu kuingiza jeni kwenye kimelea huchukua miezi. Kimelea chenyewe, Plasmodium falciparum, kinakuzwa kwenye damu ya binadamu ndani ya chupa, kwa njia iliyofanikishwa na Trager na Jensen mwaka 1976. Mzunguko wake ni wa takriban saa 48, haujali Jumapili wala Krismasi. Hilo peke yake lilitosha kunichosha majira ya baridi ya kwanza.

Yapo mambo madogo ya maandalizi ambayo hakuna aliyenieleza kwa pamoja, kila mtu alidhani mwenzake ameshanieleza. Rangi nyingi huyeyushwa katika DMSO. Kimiminika hiki hufyonza maji kutoka hewani, na maji hayo yanazikata zile esta kabla rangi haijaifikia seli. Basi ukinunua unga, yeyusha kwa DMSO kavu, gawa katika mirija midogo midogo ya kutumia mara moja, funika kwa karatasi ya alumini, weka kwenye friza. Mrija uliobaki nusu usirudishwe. DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5 hivi, Muheza sijawahi kuiona imeganda mezani, lakini kule chumba kikipoa unaikuta jiwe, na ukiipima ikiwa haijayeyuka vizuri unapata kipimo cha uongo. Seli zenyewe zisipate DMSO nyingi. Mimi sipiti sehemu 1 kwa 1,000 za ujazo.

Maji ya kukuzia vimelea ni habari nyingine. Yale ya kawaida yana rangi nyekundu ya fenoli na vitamini ya riboflavini, na vyote viwili vinang'aa vyenyewe. Siku ya picha tunahamia kwenye maji yasiyo na fenoli. Chembe nyekundu za damu nazo hazikai chini; zinaelea na kuzunguka, unapiga picha ya kwanza na ya pili chembe haipo. Tiba yake ni kupaka sakafu ya sahani konkanavalini A, protini inayoshika sukari za juu ya utando. Sahani iwe na sakafu ya kioo chenye unene wa milimita 0.17, kwa sababu lenzi nyingi za nguvu zimetengenezwa kwa unene huo. Na chumba cha joto cha hadubini kiwashwe mapema sana, asubuhi kama unapiga picha mchana. Chuma kikiwa bado kinapata joto kinatanuka, na mahali ulipolenga panateleza taratibu hadi picha zote zinakuwa ukungu.

Nilipofanikiwa kuona kimelea hai kwa mara ya kwanza, nilisahau hata kubonyeza kitufe cha kurekodi. Chembe nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo ukitia Hoechst 33342, rangi inayoshika DNA, doa la buluu linaloonekana ndani yake ni kimelea. Lakini kilichonishika si lile buluu. Ni kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, ambako himoglobini ya binadamu inavunjwa na mabaki yake kugandishwa kuwa fuwele nyeusi za himozoini. Kwenye kimelea kilichokufa fuwele zile zimetulia. Kwenye kimelea hai zinacheza, zinagongana na kupinduka ndani ya kile kifuko bila kupumzika. Nimekulia kwenye nyumba ambayo malaria ilikuwa mgeni wa kila mwaka. Kuiona ikihangaika hivyo, ikiwa hai mbele ya macho yangu, kulinipa hisia ambayo mpaka leo sijaipatia jina.

Baada ya hapo ndipo chembe zilipoanza kupasuka. Nawasha leza ya nanomita 405 kwa ajili ya Hoechst, napiga picha chache, na chembe yenye kimelea inavimba na kumwaga kila kitu. Zile zisizo na kimelea zinabaki salama. Wiki nzima nililaumu dawa, halafu chumvi za maji, halafu konkanavalini. Sababu ilikuwa mwanga. Himoglobini humeza mwanga kwa nguvu zaidi karibu na nanomita 415, na himozoini nayo humeza mwanga na kupata joto. Nilikuwa nikielekeza leza kwenye sehemu ile ile ya wigo ambayo chembe hii inaimeza kuliko zote. Ushauri wangu kwa yeyote anayefanya kazi na damu: kaa mbali na zambarau na buluu kadiri unavyoweza, hamia kwenye nyekundu. Siku hizi zipo rangi za DNA zinazoamshwa na leza nyekundu, mfano SiR-DNA, inayomeza karibu nanomita 650. Kama ni lazima utumie Hoechst, piga picha moja ya buluu mwishoni kabisa, ya kuhesabia tu.

Punguza nguvu ya leza mpaka picha ikukere kwa ubaya wake, kisha uishi nayo. Picha yenye chengachenga ya seli yenye afya ina thamani kuliko picha ya kupamba ukuta ya seli inayokufa. Majarida yanatuzoesha vibaya katika hili, na naona wahariri wanastahili kulaumiwa pamoja nasi.

Sasa nifike kwenye lile lililoniumiza zaidi. Kupima oksijeni kali tulitumia rangi ya zamani na ya bei nafuu, DCFH-DA. Inaingia bila kung'aa, vimeng'enya vinakata kifuniko chake, na ikioksidishwa inageuka kijani kinachong'aa. Nilitia dihaidroartemisinini, nikaanza kurekodi, na kijani kikapanda. Kikapanda vizuri, mstari ulionyooka, sahani baada ya sahani. Msimamizi alifurahi. Tuliandika muhtasari na kuutuma kwenye mkutano wa kisayansi, na ukakubaliwa.

Kwenye chumba cha jirani alikuwepo dada mmoja kutoka Kisumu, aliyekwisha kumaliza uzamivu wake. Tulikuwa tukila pamoja chakula cha mchana, Kiswahili kikitupumzisha ulimi. Siku moja nilimwonyesha zile grafu.

"Hebu nieleze, mdogo wangu," akasema. "Sahani yenye dawa umeipiga leza kila dakika mbili kwa saa nzima. Na ile isiyo na dawa?"

"Mwanzo na mwisho tu, dada. Saa za hadubini zinatozwa, tulitaka kubana matumizi."

"Basi hapo hujalinganisha dawa na kukosa dawa. Umelinganisha mwanga mwingi na mwanga kidogo."

Nilibisha kidogo, kwa adabu. Usiku ule nilirudi maabara nikaweka sahani isiyo na dawa yoyote, nikaipiga leza kila dakika mbili kama ile nyingine. Kijani kikapanda. Siyo kwa kiasi kile kile kabisa, lakini tofauti iliyobaki kati ya sahani mbili haikuwa kitu cha kusimamia mbele ya watu. DCFH huoksidishwa na mwanga wenyewe, na ikishageuka kuwa kijani hutengeneza oksijeni kali zaidi inapomulikwa, zinazoigeuza rangi iliyobaki. Inajipandisha yenyewe. Halafu hemu (sehemu ya himoglobini iliyobeba chuma) na chuma chenyewe, vitu ambavyo kimelea cha malaria kimejaa, huioksidisha pia bila kuhitaji dawa yoyote. Tulichagua rangi isiyofaa kabisa kwa kiumbe huyu, na njia yetu ya kubana matumizi ikaficha ukweli huo.

Muhtasari tuliuondoa. Nilipompigia mama kumwambia mambo yamekwama, aliuliza kwanza kama nimefukuzwa chuo. Nikasema hapana, ni matokeo tu yameyeyuka. "Basi kula kwanza, mwanangu, halafu urudi ukaangalie tena." Nilikula. Nilichukua muda mrefu zaidi kabla ya kurudi kuangalia, na sioni aibu kusema kwamba nililia, kwa sababu wanafunzi wengi hupita hapo wakidhani wako peke yao.

Tuliporudi tulibadili utaratibu mzima. Kila rangi, kabla ya kugusa swali la utafiti, ilipita mitihani mitatu. Wa kwanza ni sahani isiyo na rangi kabisa, ili kuona seli inang'aa kiasi gani kwa asili yake. NADH na flavini, molekuli za kawaida za ndani ya seli, zinang'aa bila kuombwa. Wa pili ni sahani yenye rangi bila dawa, ikipigwa mwanga ule ule, idadi ile ile, siku ile ile. Wa tatu ndio wengi huuruka: sahani ambayo unajua kwa hakika mng'ao unapaswa kuzima au kuwaka, kwa sababu umelazimisha.

Kwa mitokondria mtihani huo wa tatu ni rahisi, namshukuru Mungu. Dawa ya atovakoni hufunga mnyororo wa kusafirisha elektroni wa kimelea na kuangusha chaji ya utando wa mitokondria yake. Kama rangi yako ya chaji haizimi mbele ya atovakoni, kwenye vimelea vya kawaida visivyo na usugu, basi haikuelezi chaji. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya rangi mbili nilizokuwa nikizichukulia kama ndugu. MitoTracker Red CMXRos huvutwa na chaji kuingia, lakini ikishaingia hujifunga kwenye protini na kukaa hapo hata chaji ikianguka. Ni kama mgeni aliyeingia umeme ukiwepo akafunga mlango kwa ndani; ukikatika bado yumo. Inafaa kuonyesha mitokondria ilipo na umbo lake, haifai kufuatilia chaji dakika kwa dakika. TMRM huingia na kutoka kwa uhuru, kwa hiyo inafuata chaji kweli, ila nayo ina masharti. Iachwe kidogo kwenye maji wakati wote wa picha, usiioshe ikaisha. Na ukolezi wake uwe mdogo, nanomoli chache hadi makumi kwa lita. Ukizidisha, molekuli zinasongamana na kuzimana zenyewe, na hapo mitokondria inayopoteza chaji inaweza kuonekana inang'aa zaidi badala ya kufifia. Nimesikia watu wakitafsiri jambo hili kinyumenyume mbele ya hadhira, kwa nia njema kabisa.

Kwa oksijeni kali tulihamia kwenye ukoo wa protini. Kipimo kiitwacho roGFP2 kinamulikwa kwa mawimbi mawili, takriban nanomita 405 na 488, na unachosoma ni uwiano wa majibu hayo mawili. Uzuri wa uwiano ni kwamba seli ikiwa na protini nyingi au chache, au ikisogea kidogo kwenye lenzi, uwiano haupotoki sana. Na mtihani wake wa tatu unajulikana: kemikali ya DTT kuipunguza oksidishaji hadi chini kabisa, na ile ya diamidi kuipandisha hadi juu kabisa. Namba zako zote ziangukie kati ya ncha hizo. Ile 405 bado inaunguza, kwa hiyo tulipiga picha chache zenye nafasi ndefu. Miezi ya kuingiza jeni niliyoikwepa mwanzoni ilibidi niilipe hatimaye.

Kuhusu tishu nitasema machache, kwani nilishiriki tu kazi ya mwenzangu ya vipande vya ini la panya. Kina ndicho adui. Tishu hutawanya mwanga, na ini lina mng'ao wake wa asili, hasa wa lipofusini, mabaki yanayorundikana kwenye seli za wanyama wazee, ambao unaonekana katika karibu kila filta. Hapo watu hukimbilia hadubini ya fotoni mbili (chembe mbili za mwanga zinazomezwa kwa pamoja), wazo ambalo Maria Göppert-Mayer alilitabiri mwaka 1931 na Denk, Strickler na Webb wakalitia kwenye hadubini mwaka 1990. Au hukimbilia rangi za karibu na infraredi, ambako damu na tishu humeza mwanga kidogo zaidi. Madaktari wa upasuaji wamefaidika sana hapo: indosianini ya kijani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959, leo inawaonyesha mtiririko wa damu kwenye utumbo wakiwa bado mezani.

Walioko nyumbani huniuliza kama haya yanawezekana bila hadubini ya leza ya konfokali ya mamilioni. Sehemu kubwa inawezekana. Hadubini ya LED yenye filta nzuri na kamera isiyo na kelele nyingi inafuatilia TMRM kwenye vimelea bila shida, na LED haitesi seli kama leza. Kinachoumiza zaidi ni usafiri na umeme. Rangi iliyokwishayeyushwa ikikaa forodhani kwenye joto wiki mbili, barafu kavu imekwisha, umenunua maji. Agiza ikiwa unga mkavu, vichupa vidogo vingi badala ya kimoja kikubwa, ili umeme ukikatika mwishoni mwa juma upoteze kimoja. Mwombe muuzaji aandike halijoto ya usafirishaji kwenye hati za mzigo, maana bwana forodha hawezi kuheshimu asichokisoma. Na kwenye oda hiyo hiyo ya kwanza, kabla ya rangi ya pili au ya tatu inayovutia kwenye katalogi, weka atovakoni.